Mkono wa Rula

Neno lilikaa kidogo kwenye skrini, halafu likabadilika lenyewe.

Nukta aliliona kwa macho yake. Alikuwa anachapa tangazo la mteja, na kwa kuwa kompyuta siku hizo ilikuwa nzito kama mtu aliyeamka na homa, alisimama katikati ya sentensi akainua uso aone imefika wapi. Akaliona neno aliloandika yeye: "malehemu". Hajajiuliza lina nini, herufi zikacheza kidogo, likawa "marehemu". Hakuna aliyegusa kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani, na dukani hakukuwa na mwingine isipokuwa mashine ya fotokopi.

Aligeuka kutazama kiti cha nyuma. Sweta ya kijivu ya dada yake ilikuwa pale pale ilipoachwa, mikono yake inaning'inia huku na huku. Akajisemea ni macho tu, akaendelea na kazi, lakini tangu hapo alijua kwamba katika chumba kile hakuwa peke yake.

Huyo dada alikuwa amefariki karibu mwaka mzima uliopita, kwa maradhi ya kifua. Kila mtu alimwita Rula. Alikuwa mrefu, amenyooka kuanzia kisigino hadi maneno yake, na alipochapa aliweka rula ya mbao chini ya kila mstari wa karatasi ya mteja ili jicho lisiruke. Aliweza kukurudishia barua yako ya kuomba kazi akasema, "Hii hata mimi nisingekuajiri, kaandike upya." Watu walikasirika, wakaenda, wakarudi na karatasi mpya. Mdogo wake alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alikaa karibu naye siku zote, basi mtaa ukamwita Nukta. Watu wakishaamua hawakuulizi.

Nukta alikuwa na ulimi usioelewana na r. Wako wengi hivyo na wanaishi vizuri tu, ila wengi wao hawapati riziki kwa kuchapa. Kwake r na l walikuwa mapacha: ukiita mmoja anaitika mwingine. Tangu alipoanza kusema alimwita dada yake Lula. Wakubwa walimsahihisha mpaka wakachoka, watoto wenzake walimcheka, na Rula mwenyewe siku zote aliinamia alichokuwa anakifanya, kana kwamba hakusikia. Kibaya zaidi, Nukta akijitahidi sana alizidisha, akaiweka r hata pale isipotakiwa. Wiki yake ya kwanza kazini alichapa kadi ya harusi yenye mstari unaosema, "Mahari: Ukumbi wa Manispaa." Bwana harusi alikuja akiwa ameishika kadi kwa vidole viwili, akauliza kama sasa ndio anatakiwa kuwalipa wakwe kwa ukumbi wa serikali.

Rula hakumfokea. Alimkalisha chini, akamfundisha maneno machache tu, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Mahali na mahari. Kalamu na karamu. Kula na kura. "Kalamu inalala mezani, ina l ya kulala. Karamu ina r ya rafiki, maana huwezi kufanya karamu peke yako. Sema." Nukta alisema. Maneno mengine hakumgusia kabisa. Alimpa na amri moja ya kazi: "Macho kwenye karatasi, vidole kwenye kibodi. Skrini niachie mimi." Nukta alitii, na baada ya muda malalamiko yakaisha. Kila ukurasa ulitoka safi. Aliamini amezoea, na alijivunia jambo hilo kuliko yote maishani mwake.

Kompyuta ile Rula aliitengeneza mwenyewe. Mfumo wake wa zamani ulikuwa umechoshwa na virusi vya flashi za wateja, na siku moja uliposhindwa kuwaka, Rula alimwomba fundi kompyuta wa ng'ambo ya barabara ampe Linux, mfumo mwingine wa bure. Fundi huyo ni mwembamba, anaitwa Waya. Alimpa flashi na akajitolea kuja kuiweka. Rula akamwambia, "Nikishindwa nitakuita," na hakumwita. Kisha akaigeuza mashine ifanane naye. Mstari wa vitufe aliutoa chini akaupeleka ubavuni kushoto, maana alitumia mkono wa kushoto. Maandishi akayafanya ya njano juu ya weusi, kwa sababu mwanga mweupe ulimuumiza macho. Mshale wa kipanya ukawa mkubwa kama kidole gumba. Folda ya wateja wanaobadilisha mawazo kila saa aliipa jina "Wasumbufu". Mtu akimwuliza mbona kompyuta yake haifanani na za wengine, alimjibu, "Kwani mimi nafanana na nani?"

Sasa yule asiyefanana na mtu alikuwa kaburini, na mashine yake ilikuwa inasahihisha maneno.

Ilitokea tena kesho yake. Neno "kufaliki" lilikaa, likatikisika, likawa "kufariki". Halafu "bahali" ikawa "bahari" katika insha ya mwanafunzi. Nukta aliacha kutazama karatasi. Alichapa huku ameikodolea skrini kama anayesubiri mtu atokee dirishani, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kuuona ule mkono usioonekana ukipita nyuma yake. Alianza kuchapa amesimama. Alianza kuuzuia mlango kwa tofali ili usijifunge. Ile sweta aliikunja akaitia kabatini, halafu akaona aibu, akaitoa akairudisha kwenye kiti. Alimwogopa dada yake wa tumbo moja, na jambo hilo lilimuuma kuliko hofu yenyewe.

Alimwita Waya.

"Fundi, hii kompyuta ina mtu," alimwambia.

"Ina mtu au ina virusi?"

"Naandika neno, linabadilika lenyewe. Sijagusa kitu."

Waya aliketi, akavuta kibodi. "Neno gani?"

"Malehemu."

Waya, aliyejua alichokusudia, akachapa "marehemu". Neno likakaa lilivyo. Akachapa tena, na tena. Halikutikisika.

"Mbona halibadiliki?" Nukta aliuliza.

"Libadilike liwe nini?" Waya akamtazama kwa huruma, namna ambayo Nukta hakuipenda hata kidogo. "Pole, dada. Mwaka wa kwanza ni mgumu. Lakini sikiliza hii sauti. Unasikia inavyokwaruza? Hiyo ni diski, inakufa. Ndiyo maana mashine nzito. Ukiizima leo, sikuahidi kwamba kesho itawaka."

Nukta aliisikiliza. Ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, na alishawahi kuisikia sauti ya namna hiyo chumbani kwa mgonjwa. Alimwambia Waya amletee mashine nyingine, hata ya mtumba, na haraka iwezekanavyo.

Waya alipoileta, Nukta aliitengeneza mwenyewe, kama dada yake. Alichomeka flashi, Linux ikamwuliza lugha, akachagua Kiswahili. Ikamwuliza jina, akaandika "nukta". Ikamwuliza kama ina ruhusa ya kufuta kila kitu kilichokuwa kwenye diski, akasita kidogo, ingawa ilikuwa diski ya mtu asiyemjua, kisha akakubali. Ilipomaliza ilimfungulia uso wa bluu mtupu, kama nyumba ya kupanga siku ya kwanza. Ungedhani ataifanya ya kwake. Wapi. Aliupeleka mstari wa vitufe kushoto, na yeye ni wa mkono wa kulia. Akaweka njano juu ya weusi, akauvimbisha mshale. Programu ya kuandikia ilipiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili kana kwamba lugha nzima ina makosa, naye akaizima mistari hiyo, kama Rula alivyofanya. Kisha akahamisha folda zote alizoziona: Barua, Kadi, Risala, Wasumbufu. Ile ya zamani aliizima, akaifunika kwa kitambaa, akaisukuma chini ya meza. Hakuitazama alipokuwa anaifunika.

Mashine mpya ilikuwa nyepesi, na maneno yalikaa yalivyo. Nukta alichapa siku ile na siku iliyofuata bila kuona kitu kikitikisika. Nafsi ikamtulia. Akarudi kwenye amri ya zamani, macho kwenye karatasi. Hapo ndipo shangazi yao alipompigia simu kumpa kazi ambayo alikuwa anaingoja na kuikimbia: tangazo la kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Rula. Nakala zilitakiwa kugawiwa kwa ndugu na kubandikwa pale dukani. Nukta alilichapa bila kupumzika, akalitoa kwenye karatasi nzuri nzito, akalipeleka mwenyewe nyumbani kwa shangazi.

Shangazi alikuwa karani mstaafu, mtu wa miwani mbili, ya karibu na ya mbali. Alivaa ya karibu. Alisoma, akarudia kusoma, kisha akasoma kwa sauti, polepole, kila neno lilivyoandikwa.

"'Familia ya malehemu Lula inawakalibisha ndugu, jamaa na malafiki kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kufaliki kwake.'" Akaiweka karatasi mezani. "Mwanangu, Lula ndio nani?"

Nukta aliichukua karatasi. Sasa, baada ya kuyasikia kwa sauti ya mtu mwingine, aliyaona makosa yote yamekaa mstarini, yanamtazama.

"Hata jina la dada yako," shangazi alisema. Hakuwa amekasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtu aliyekuwa hawezi kuvumilia koma iliyokaa vibaya. Nikigawa hii watu watamcheka yeye, sio wewe. Kesho naipeleka kwa mtu mwingine aichape."

"Shangazi, nipe mpaka jioni. Nitalilekebisha."

"Utarekebisha nini na wewe huyaoni?" Shangazi akavua miwani, akafikicha macho. "Kinachonishangaza, zamani hukuwa unaandika hivi. Miaka yote hiyo kazi yako ilikuwa safi. Umeanza lini kuharibika?"

Nukta aliondoka na lile swali. Alitembea nalo barabara nzima, akapita mlangoni kwa Waya bila kumwitikia salamu. Zamani hukuwa unaandika hivi. Alipofika dukani hakuvua hata viatu kama kawaida yake. Alipiga magoti, akaivuta ile mashine ya zamani kutoka chini ya meza, akaifunua, akaunganisha nyaya, akabonyeza.

Ilikwaruza. Ilinyamaza. Ikakwaruza tena, na njano ya Rula ikatokea taratibu kwenye weusi.

Safari hii alikosea kwa makusudi. Aliandika "malehemu", akabonyeza kitufe cha nafasi, akangoja. Likawa "marehemu". Akaandika "kufaliki", likawa "kufariki". "Malafiki" ikawa "marafiki". Aliandika kila neno lililowahi kumtesa, mengine ya tangu shuleni, na kila moja lilikaa, likatikisika, likanyooka. Hata maneno aliyoyasahau yeye, Rula alikuwa anayakumbuka. Halafu akaandika "mahari" pale alipotaka kusema "mahali". Halikutikisika. Akaandika "karamu" akimaanisha kalamu. Likakaa.

Nukta akaelewa, akakaa chini sakafuni. Mashine haiwezi kujua kama unataka mahali au mahari, kwa kuwa yote mawili ni maneno. Hayo peke yake ndiyo Rula aliyomfundisha kwa mdomo, kila asubuhi. Mengine yote aliifundisha kompyuta, neno kwa neno, lenye kosa huku na lililo sawa kule, halafu akamwamuru mdogo wake asitazame skrini. Alimwacha ajivune. Wala hakuwahi kulitaja, hata siku ile waliyogombana vibaya na Nukta akamwambia, "Mimi sikosei tena, sikuhitaji." Nukta alilia kwa sauti pale sakafuni, na mteja aliyekuja kutoa fotokopi akarudi polepole kama aliyekosea mlango.

Alipojipangusa uso alimwita Waya, na safari hii Waya aliona, maana Nukta ndiye aliyechapa.

"Ah," Waya alisema. "Kumbe ni masahihisho ya programu. Aliyaweka mwenyewe. Ila ni mengi, aisee. Haya mtu hayaweki kwa siku moja."

"Nilihamisha kila kitu. Mbona haya hayakuja?"

"Kwa sababu yamejificha. Kwenye Linux, folda jina lake likianza na nukta huwezi kuiona. Ipo, inafanya kazi, lakini haionekani mpaka uiombe." Alishika Ctrl, akabonyeza H, na kwenye folda ya nyumbani ya Rula zikatokea folda nyingine kibao, hafifu, kila moja na nukta yake mbele. "Unaona? Mipangilio yake yote iko nyuma ya nukta."

Waya alikuwa anazungumzia kompyuta.

Walichomeka flashi. Diski ilikuwa inakwaruza na kukata, inakwaruza na kukata, na mstari wa kijani ulisogea kidogo ukasimama. Waya alimwambia ajiandae, ikikata sasa ndio basi. Nukta aliweka kiganja juu ya boksi la mashine, likiwa na joto, kama alivyokuwa akiweka kifuani kwa dada yake siku za mwisho, na alichomwomba ni kile kile, kwamba asubiri kidogo. Mstari ukasogea. Ukafika. Waya akaichomoa flashi, na kabla hajaifunika, mashine ikagonga mara moja ndani, ikanyamaza. Skrini ikabaki nyeusi. Waya alibonyeza, akabonyeza tena, kisha akatoa mkono.

"Imeenda," alisema. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini: "Pole."

Aliyaweka masahihisho kwenye mashine mpya, akaenda zake. Nukta akabaki na mwanga wa alasiri na sweta ya kijivu. Aliandika "malehemu". Likawa "marehemu" papo hapo, kwa wepesi ambao jicho halikuuwahi. Akajaribu "kufaliki". Hakuona kitu, ila neno lililo sawa limekaa pale kama ndilo alilochapa yeye. Akajaribu tena amekodoa macho, asikope. Mashine ilikuwa nyepesi mno. Ule mkono ulikuwepo lakini haukuonekana tena, kama miaka yote ile, na aliyeukimbia wiki nzima sasa alitamani kuuona mara moja tu. Upweke uliomwingia hapo haukuwa umemwingia hata siku ya mazishi.

Lakini jioni ilikuwa inakaribia. Akajipa kazi. Aliamua tangazo hili ataliandika sawa kwa vidole vyake, asimwachie dada yake hata herufi moja. Alichukua ile rula ya mbao, akaiweka chini ya mstari wa kwanza, akatamka kila herufi kabla ya kuibonyeza. Familia ya ma, re, he, mu. Alifika kwenye jina. Hilo hakuna programu iliyomsaidia: kwenye karatasi ya shangazi lilikuwa limetoka na kosa, na kule kwenye mashine ya zamani hakulijaribu kwa aibu. Basi akaliandika taratibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, jinsi watu wote walivyoliandika. R. U. L. A. Akalitazama. Lilikuwa sawa. Akabonyeza kitufe cha nafasi.

Likawa "Lula".

Alidhani amekosea. Akalifuta. Akaandika upya, akalitazama herufi kwa herufi kabla ya kuliachia: Rula. Akabonyeza. Lula.

Hakulia safari hii. Alikaa tu, rula mkononi. Kati ya maneno yote yale ambayo dada yake aliyanyoosha, moja alilipinda makusudi, na aliliweka mahali ambapo Nukta asingelikuta mpaka siku atakayoweza kuandika bila yeye. Akamkumbuka ameinama, watoto wakicheka, wakubwa wakisema sema rrr, na yule mrefu aliyenyooka hakuwahi hata siku moja kusema usiniite hivyo.

Alilipeleka tangazo kwa shangazi kabla taa za barabarani hazijawaka. Shangazi alivaa miwani ya karibu, akasoma kwa sauti, na sauti ikamlainika kadiri alivyoendelea, maana marehemu alikuwa marehemu, na marafiki walikuwa marafiki. Kisha akarudi juu, akaweka kidole kwenye jina.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Ila umeacha kosa moja."

"Hilo sikuandika mimi, shangazi," Nukta alisema. "Hilo kaliandika mwenyewe."